Mchango wa kijeshi: koloni lilipe kiasi gani kwa askari wasio wake?

#1 Mpiga Hesabu (mleta mada)

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ukitaja ugomvi wa kodi kati ya koloni na serikali ya kifalme, wote tunakimbilia Boston na makasha ya chai yaliyotoswa baharini Desemba 1773. Sawa, lakini chai ilikuja baadaye. Mwanzo wake ni swali kavu la mhasibu: askari wanaolinda koloni alipe nani?

Vita ya Miaka Saba ilipokwisha mwaka 1763, deni la taifa la Uingereza lilikuwa limepanda kutoka pauni milioni 70 na kitu hadi zaidi ya milioni 120. Juu ya hapo London ikaamua kubakiza askari wapatao 10,000 Amerika Kaskazini. Waziri Mkuu George Grenville akaona wanaolindwa nao watie mkono mfukoni. Ndiyo ikaja Sheria ya Stempu ya 1765: hati za mahakama, magazeti, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe stempu. Makadirio yalikuwa kama pauni 60,000 kwa mwaka. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya gharama ya askari wale, na fedha zenyewe zilikusudiwa kutumika hukohuko Amerika, si kupelekwa London.

Kwa hesabu ya dukani, ni nafuu kubwa. Lakini Agosti mwaka huohuo umati wa Boston uliivamia nyumba ya naibu gavana Thomas Hutchinson ukaivunjavunja ndani mpaka kuta. Machi 1766 sheria ikafutwa.

Sasa tazameni jambo hili. Wakati wa vita yenyewe, kuanzia 1758, William Pitt, waziri aliyeiongoza vita hiyo London, aliyaambia makoloni hayohayo: toeni watu, nasi tutawarudishia sehemu ya gharama. Mabaraza yao yakakaa, yakapiga kura, yakawatoza wananchi wao kodi nzito kuliko stempu yoyote. Watu walilipa. Wanung'unikaji walikuwepo, maana mlipa kodi asiyenung'unika hajazaliwa, lakini nyumba ya mtu haikubomolewa.

Mwaka 1778, maji yakiwa yameshamwagika, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuacha kuyatoza kodi za kuijazia London mapato makoloni ya Amerika Kaskazini na visiwa vya Karibi. Mimi naona kuanzia hapo London ilijifunza kuliogopa neno "kodi". Kilichokuja badala yake kiliitwa mchango wa kijeshi, na kilipitishwa na baraza la koloni lenyewe. Tatizo ni nani alikalia viti vya baraza hilo. Nitarudi.

#2 Ngoja Kwanza

Nimeshavuta kiti. Shusha nondo mkuu.

#3 Kisonoko

Mleta mada, naona unakoelekea, ngoja nikukate njia mapema. Hizi nyuzi siku zote zinamfanya mkoloni bahili na koloni mnyonge. Upande wa pili mbona hamuusemi?

Kwenye Mkutano wa Makoloni wa 1902 huko London, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, aliweka hesabu mezani. Kwa jeshi la nchi kavu na la majini, kila mkazi wa Uingereza alikuwa anabeba shilingi 29 na peni 3 kwa mwaka. New South Wales shilingi 3 na peni 5. Canada shilingi 2. Meli za Canada zilipita bahari zote chini ya ulinzi wa manowari zilizolipiwa na fundi wa Birmingham ambaye Canada hataiona maisha yake yote. Huyo fundi naye alikuwa na kura? Wengine hawakuwa nayo!

Koloni likitaka ulinzi lilipe. Haki iko wapi hapo kupotea?

#4 Mpiga Hesabu

Mkuu Kisonoko, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Tena nikuongezee: miaka 40 kabla ya Chamberlain, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Arthur Mills (1861) ilichunguza jambo hilohilo, na 1862 Bunge likaazimia kwamba makoloni yanayojitawala yabebe wenyewe jukumu la usalama wao wa ndani. New Zealand, iliyokuwa na askari wa kifalme zaidi ya 10,000 vitani dhidi ya Wamaori, ikadaiwa pauni 40 kwa kila askari kwa mwaka. Iliposhindwa kulipa bili, ikaamua kupigana kwa askari wake. Kufikia 1870 vikosi vya kifalme vilikuwa vimeondoka Australia na New Zealand, na 1871 vikaondoka Canada isipokuwa kituo cha Halifax.

Lakini tazama walikuwa na nini hao wa shilingi 2: bunge lao. Walikuwa na uwezo wa kusema hapana, na walisema. Wilfrid Laurier wa Canada aliwaambia Waingereza wakitaka msaada wake wamwite kwanza kwenye mabaraza yao. Ndiyo maana Chamberlain alibaki kubembeleza kwa takwimu.

Sasa twende kwa wale wasioweza kusema hapana.

#5 Mama Daftari

Kabla hujaenda, waeleze wasomaji baraza la koloni la aina hiyo lilikuwaje, la sivyo watadhani ni bunge.

#6 Mpiga Hesabu

Ahsante Mama Daftari.

Koloni la Straits Settlements, yaani Singapore, Penang na Malacca, lilihamishiwa Wizara ya Makoloni tarehe 1 Aprili 1867. Lilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria. Upande mmoja maofisa: gavana, katibu wa koloni, mwanasheria mkuu, mkuu wa majeshi na wenzao. Upande wa pili wajumbe wasio wa serikali, walioteuliwa na gavana, wengi wao wafanyabiashara. Maofisa walikuwa wengi zaidi na walifungwa na amri ya London: mkiagizwa kuunga mkono, mnaunga.

Miaka ya 1880, hofu ya Warusi ilipopamba moto, koloni lilikubali kujenga ngome kulinda bandari, na serikali ya kifalme ilete mizinga. Ngome zikajengwa kwa fedha za koloni. Mizinga ikachelewa kwa miaka. Hebu piga picha: ukuta mpya wa saruji umetazama baharini, na tundu la mzinga ni tupu. Mwanachama wa chama cha wafanyabiashara anapita pale kila asubuhi akienda ofisini.

Halafu 1890 inaingia barua ya Lord Knutsford, Waziri wa Makoloni. Mchango wa kijeshi upande uwe pauni 100,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ule wa zamani. Wajumbe wasio wa serikali wakapinga kwa sauti moja. Kura ikapigwa, maofisa wakainua mikono kama walivyoagizwa, ikapita. Kwenye karatasi, koloni "limekubali kuchangia".

Hoja ya wafanyabiashara haikuwa "hatutaki kulipa". Walisema gharama za kikosi kinachotukinga sisi tutalipa, lakini Singapore ni kituo cha makaa ya mawe cha manowari zote zinazokwenda China na Australia. Ngome ile inalinda njia ya himaya nzima, kwa nini bili isomeke jina letu peke yetu?

#7 Ngoja Kwanza

Mlinzi wa mtaa mzima analipwa na nyumba ya pembeni.

#8 Mpiga Hesabu

Hapohapo. Na bado hujaona utamu wenyewe, maana kuna jambo la sarafu ambalo watu hulipita.

Mapato ya Straits yalikusanywa kwa dola ya madini ya fedha. Mchango ulitajwa kwa pauni, ambayo ni dhahabu. Miaka ya 1870 dola moja ilikuwa na thamani ya shilingi 4 hivi za Kiingereza. Kufikia 1894 na 1895 imeshuka hadi kama shilingi 2, kwa sababu bei ya madini ya fedha duniani ilianguka.

Fanyeni hesabu nami. Pauni 100,000 ni shilingi milioni 2. Kwa dola ya shilingi 4, unahitaji dola 500,000. Kwa dola ya shilingi 2, unahitaji dola milioni 1. Mapato yote ya koloni yalikuwa karibu dola milioni 4 kwa mwaka. Yaani hakuna askari aliyeongezwa, hakuna mzinga uliofika, hakuna barua mpya kutoka London, na mzigo umekua njiani kwa sababu ya soko la madini.

Mwaka 1895 uvumilivu ukaisha. Wajumbe wasio wa serikali wakajiuzulu. Mahakimu wa heshima wakajiuzulu. Bodi ya Ushauri ya Wachina nayo ikajiuzulu. Hawa si watu wa kurusha mawe, ni wenye maghala na meli. Walichoweza kuondoa ni nyuso zao, ili kila mtu aone baraza limebaki la maofisa watupu.

London ikalegeza: tuache kutaja pauni, tuchukue asilimia 20 ya mapato ya koloni. Sarafu ikishuka, tunashuka wote.

#9 Mama Daftari

Mpiga Hesabu, rekebisha hapo. Haikuwa 20 tangu siku ya kwanza. Ilianza asilimia 17.5 mwaka 1895 na kupanda hatua kwa hatua hadi 20. Hong Kong nayo ilipita njia hiyohiyo, ikawekewa 20 kuanzia 1901.

Na kabla ya hao wote kuna Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Novemba 1864 wajumbe wasio wa serikali huko walijiuzulu kwa sababu hii hii ya gharama za kijeshi, wakiwemo George Wall na Charles Lorenz, na mwaka uliofuata wakaanzisha Ceylon League. Kwa hiyo watu wa Singapore walikuwa na mfano wa kuiga.

#10 Mpiga Hesabu

Umenikamata, nakubali. 17.5 kwanza. Nilikimbilia mwisho.

#11 Kisonoko

Lakini asilimia si ndiyo haki yenyewe? Ukipata kingi unatoa kingi, ukipata kidogo unatoa kidogo. Hata zaka iko hivyo.

#12 Mpiga Hesabu

Zaka ina masharti yake mkuu, haikatwi kwenye kila kinachopita mkononi. Huku walikata kwenye mapato ghafi, wakitoa nje mauzo ya ardhi. Chukua mfano wa kubuni: posta ya koloni imeingiza dola 100 kwa stempu, imetumia 95 kwa mishahara na meli. Faida ni dola 5. Ukikata asilimia 20 ya mapato ghafi, unachukua dola 20. Posta iliyokuwa na faida sasa ina hasara ya 15, na gavana mwenye akili atajiuliza kama kuna haja ya kufungua tawi jingine.

Halafu mapato yenyewe yalitoka wapi? Sehemu kubwa mno ya mapato ya Straits ilitokana na afyuni. Serikali ilikuwa inamkodisha mfanyabiashara haki ya kuitayarisha na kuiuza, naye anailipa kila mwezi. Kwa hiyo kuli anayebeba magunia bandarini, akivuta kidonge chake cha jioni, alikuwa anachangia mzinga wa Malkia. Huyo hakuwa na mjumbe barazani hata wa kujiuzulu kwa niaba yake. Kwenye ugomvi wa 1895 hatajwi popote.

#13 Mama Daftari

Mkuu umenigusa hapo, kwa hiyo niingize India, maana huwezi kuzungumza habari hii ukaiacha.

Sheria ya 1858 iliyoiweka India chini ya taji ilikuwa na kifungu cha 55: mapato ya India yasitumike kwa vita nje ya mipaka yake bila idhini ya mabaraza yote mawili ya Bunge la Uingereza, isipokuwa kuzuia uvamizi au dharura ya ghafla. Kifungu kizuri. Mwaka 1867 Uingereza ikataka kumwadhibu Mfalme Tewodros wa Ethiopia, ikachukua jeshi kutoka Bombay chini ya Robert Napier. Idhini ikaombwa, ikatolewa. Uingereza ilipe gharama za ziada, India iendelee kulipa mishahara ya kawaida ya askari.

Hazina ilijitetea kwamba askari hao wangelipwa mishahara hiyo hata kama wangebaki kambini. Sikilizeni jibu la wapinzani, kwa sababu bado ni jibu bora kabisa kwenye mjadala huu: kama India inaweza kukaa mwaka bila askari hao na isidhurike, basi ina askari wengi kuliko inavyohitaji, na wa ziada wanatunzwa kwa ajili ya nani? Lord Salisbury, ambaye si mtetezi wa wanyonge hata kidogo, ndiye aliyesema India isifanywe kambi ya Kiingereza kwenye bahari za Mashariki, ya kuchota askari bila kulipa.

Ikaendelea hivyohivyo. Vita ya pili ya Afghanistan, 1878 hadi 1880, Uingereza ilichangia pauni milioni 5, zilizobaki na ni nyingi zaidi zikaangukia India. Tume ya Welby ya kuchunguza matumizi ya India ikakaa kuanzia 1895, mwanasiasa Mhindi Dadabhai Naoroji akiwa mjumbe, akiwahoji maofisa hesabu zao sahani kwa sahani. Mwaka 1933 ndipo, baada ya usuluhishi wa jopo la Robert Garran wa Australia, Uingereza ikakubali kutoa pauni milioni 1.5 kila mwaka kwa ulinzi wa India.

#14 Kisonoko

Na Vita ya Pili ya Dunia? Huko nasikia mambo yaligeuka, Uingereza ndiyo ikawa mdeni.

#15 Mama Daftari

Kweli. Makubaliano ya 1940 yaligawa gharama: India ilipe bajeti yake ya wakati wa amani pamoja na kupanda kwa bei, na yale yanayofanywa kwa faida yake yenyewe. Mengine Uingereza. Jeshi likafikia zaidi ya milioni 2, likapigana Afrika Kaskazini, Italia, Burma. Vita ilipokwisha India ilikuwa na salio la pauni kama bilioni 1.3 London.

Ila usishangilie haraka. Salio liko London, limefungiwa. Huku nyumbani serikali ilikuwa inalipa wauzaji kwa rupia leo hii, na rupia hizo nyingi zilitoka mtambo wa kuchapa noti. Bei zikapaa. Njaa ya Bengal ya 1943 ina sababu kadhaa, na hii ya bei ni mojawapo. Mwenye karatasi ya deni alikuwa serikali, mwenye sufuria tupu alikuwa mtu mwingine.

#16 Mtaa wa Pili

Wadau, mimi msomaji tu wa pembeni. Hivi kwetu Afrika Mashariki ilikuwaje? King's African Rifles alikuwa analipa nani?

#17 Mpiga Hesabu

KAR iliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki. Kabla ya Vita ya Pili kila koloni lilibeba vikosi vyake kwenye bajeti yake, chini ya Wizara ya Makoloni. Vita ilipoanza 1939 Wizara ya Vita ikavichukua.

Kenya ni mfano wa kutazama vizuri. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na gharama zilizoandikwa zilifika kama pauni milioni 55 kabla haijakwisha 1960. Koloni lilianza kulipa kwa akiba yake, akiba ikakauka, London ikaanza kutoa ruzuku na mikopo isiyo na riba. Hapo Hazina ya London ikawa na haki ya kuuliza, na ikauliza sana. Walowezi, waliokuwa wanataka askari wengi zaidi na kodi ndogo zaidi kwa wakati mmoja, walijikuta wanajibu maswali ya karani aliyekaa maili 4,000 mbali. Siwaonei huruma.

Na ukirudi Vita ya Kwanza kuna deni la namna nyingine. Wapagazi wa Carrier Corps, ndio waliotuachia jina Kariakoo, walikufa makumi elfu, wengi kwa kuhara na homa. Mishahara ya waliokufa ambao warithi wao hawakujitokeza ilibaki bila kudaiwa, na maombi ya kuitumia kwa faida ya watu wao yalizungushwa kati ya serikali za makoloni na London kwa miaka. Kila upande ulijua fedha zipo, na kila upande uliona mwenzake ndiye wa kuamua.

#18 Nahodha wa Nchi Kavu

Niongeze la bahari. Kituo cha manowari cha Singapore kilitangazwa 1923. Kilichangiwa na kila mtu: serikali ya Straits ilitoa ardhi, Shirikisho la Majimbo ya Malay pauni milioni 2, New Zealand pauni milioni 1, Sultani wa Johor pauni 500,000, Hong Kong pauni 250,000. Kikafunguliwa tarehe 14 Februari 1938. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri kwa Wajapani. Miaka minne na siku moja. Meli za kutosha hazikuwahi kuja kukaa humo.

#19 Ngoja Kwanza

Yaani kutoka mizinga isiyofika hadi meli zisizofika. Hao watu wa Singapore wangedai risiti.

#20 Kisonoko

Sawa, nimewasoma, nashusha silaha nusu. Ila nataka mtu anionyeshe sehemu ambapo mlipa kodi wa nchi mama ndiye aliyekataa bili, si koloni. Bila hiyo bado naona mnasimulia upande mmoja.

#21 Mama Daftari

Ujerumani, tarehe 13 Desemba 1906. Serikali iliomba nyongeza ya marki milioni 29 kwa vita ya Afrika Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo. Reichstag, yaani bunge lao, ikakataa, kura 177 kwa 168, Wasoshalisti na chama cha Wakatoliki wakiwa upande mmoja. Siku hiyohiyo Kansela Bülow akalivunja bunge. Uchaguzi wa Januari 1907 ukapiganiwa juu ya makoloni, na serikali ikashinda. Wanama, wenyeji wa huko waliokuwa wanapigwa kwa fedha hizo hawakuwa na karatasi ya kura upande wowote.

#22 Kisonoko

Hii sikuijua. Mleta mada, fungua uzi wa Wafaransa nao. Nasikia sheria yao ya Aprili 1900 iliwaambia makoloni walipe matumizi yote ya kiraia, na jeshi libaki kwa serikali kuu.

#23 Mpiga Hesabu

Libaki kwa serikali kuu, ila koloni linaweza kutakiwa kuchangia. Indochina ilitakiwa. Nipe wiki mbili mkuu, nimalize kwanza hesabu za Hong Kong.